Viungo vya mtoto wa mbwa mdogo: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kumlinda nyumbani

Majibu haya ni ya waliochukua mbwa wa aina ndogo: Maltese, Pomeranian, Chihuahua, Yorkshire Terrier, Japanese Spitz, au kile kijibwa cha mtaani cha kilo mbili ambacho watoto wamekuja nacho kwenye begi la shule. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mfugaji ambaye ameshakaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, na maswali mengi hapa niliwahi kuyauliza mwenyewe. Utaona kwamba majibu yangu yanarudi sana kwenye sakafu, sofa na bakuli la chakula. Vidonge nimevisukuma hadi karibu na mwisho kwa makusudi.

Maumivu ya viungo si ugonjwa wa mbwa wazee?

Yabisi ndiyo, huja uzeeni. Lakini mara nyingi mbegu yake hupandwa utotoni.

Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto wa mbwa kuna tabaka laini la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na ni dhaifu kuliko hata kano zinazoshika kiungo. Mbwa aliyekomaa akijigonga atateguka, atachechemea siku tatu, yataisha. Mtoto akipata pigo lile lile, tabaka hilo linaweza kuumia upande mmoja likaacha kukua huku upande wa pili ukiendelea, na baada ya miezi miwili unashangaa mguu umepinda umetoka wapi. Kwa mbwa wa aina ndogo, tabaka hizi nyingi hufunga kati ya mwezi wa sita na wa kumi. German Shepherd huchukua zaidi ya mwaka.

Halafu kuna wembamba. Mfupa wa mguu wa mbele wa Chihuahua wa miezi mitatu ni kama penseli, tena karibu na kifundo cha chini damu inayofika hapo ni kidogo, kwa hiyo ukivunjika unachelewa kuunga.

Nyumba yangu yote ni vigae. Nifanye nini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wengi hawaliulizi kabisa. Wanauliza kuhusu dawa.

Fanya hivi leo jioni: mwache mtoto wa mbwa sebuleni, nenda jikoni, gonga mfuniko wa sufuria. Kisha chungulia anavyokuja. Kwenye kona ya mlango, kichwa kitakata kushoto na makalio yataendelea kwenda moja kwa moja. Miguu ya nyuma inatawanyika kama ya chura, goti moja linaingia ndani, anajikusanya, anakuja na mkia juu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara moja si kitu. Lakini hiyo kona anaikata mara ngapi kwa siku?

Huna haja ya kufunika nyumba nzima. Mbwa ana njia zake kama ng'ombe wa kijijini: kutoka kitandani kwenda kwenye bakuli, kutoka kwenye bakuli kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kwenda kwenye sofa. Tandika hizo njia, anza na kona. Vipande vya zulia vinavyobaki kwa wauza mazulia vinafaa sana na bei yake ni ya kuongea. Gunia la katani linashika vizuri. Kiroba cha plastiki hakifai, kinateleza kuliko hata kigae. Na mkeka wa ukindu, kwa uzuri wake wote, ukiulaza juu ya kigae bila kuushika chini unageuka kuwa mtumbwi: mbwa anarukia ncha hii, mkeka unaondoka naye hadi ukutani. Mimi nilikata kandambili kuukuu vipande vipande nikavishonea chini ya pembe nne za mkeka. Miaka imepita, haujasogea.

Jambo jingine ni deki. Sabuni nyingi bila maji ya kusuuza huacha utando ambao wewe mwenye viatu huusikii. Mwombe dada wa kazi apitishe maji matupu mwishoni, na mbwa abaki nje au kwenye boksi lake mpaka pakauke.

Na nyayo zake. Mbwa wenye manyoya marefu huota nywele katikati ya vidole mpaka zinafunika ile sehemu nyeusi inayoshika sakafu, ni kama umemvalisha soksi. Zipunguze ziwe sawa na unyayo. Kucha nazo: ukimsikia akipita kwenye kigae ta-ta-ta-ta ukiwa chumba cha pili, zimezidi. Kucha ndefu humfanya asimame kwa kuegemea nyuma, na uzito wote unakwenda kwenye magoti na nyonga.

Anaruka kutoka kwenye sofa. Nimzuie, au nimwache azoee?

Mzuie. Kikao cha sofa la kawaida kiko kama sentimita 45 kutoka chini. Kijibwa chenyewe kikisimama hakifiki hata nusu ya hapo. Kupanda ni nafuu. Balaa ni kushuka, kwa sababu uzito wote unatua kwenye ile miguu miwili ya mbele, ile ya penseli.

Kwa haraka, panga mito migumu ya sponji iwe kama ngazi mbili pana. Kwa kudumu, tafuta seremala akutengenezee ubao wa mteremko wenye urefu wa sentimita 120 au zaidi kwa sofa la 45, upana wa kutosha mbwa ageuke, na juu yake agonge zulia. Ubao mfupi unakuwa mwinuko mkali na mbwa ataukataa, halafu utasema mbwa ndiye mkaidi. Mfundishe kwa vipande vya nyama vilivyopangwa kwenye ubao, kwanza kushuka, kisha kupanda. Wangu wawili walielewa ndani ya siku nne. Wa tatu alichukua mwezi, na mpaka leo anashuka kwa huzuni.

Kitanda chako ni kirefu kuliko sofa, na usiku anaruka akiwa na usingizi. Alale chini.

Ni kweli anaweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka mikononi tu?

Ni kweli, nimeliona kwangu. Mbwa wangu wa kwanza mdogo alivunjika mguu wa mbele akiwa na miezi minne. Hakuruka popote: mgeni alimbeba akiwa amesimama, mbwa akajipinda kuona paka, akaponyoka. Sauti yake nilidhani ni ya kijiko kilichoanguka. Mahali pa kwanza nilipompeleka walimfunga kijiti na bandeji wakasema nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi mfupa ulikuwa haujaunga. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kwa mbwa wadogo, mfupa ule ukivunjika karibu na kifundo, bandeji peke yake hushindwa mara nyingi, na madaktari wengi hupendelea upasuaji wa kuweka chuma. Kwa hiyo ukifikwa na hilo, uliza mapema: je, kuna daktari wa upasuaji wa mifupa nitakayepelekwa kwake? Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari wa mifugo, na daktari wako anaweza kuwasiliana nao.

Tangu siku ile kwangu kuna sheria: mtoto anayetaka kumshika mbwa anakaa chini kwanza. Wageni wakubwa vilevile, hata shemeji.

Nimbebeje basi?

Mkono mmoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, na mwingine chini ya makalio, kisha mbane kwenye mwili wako. Ukimshusha, usimwachie mpaka miguu yote minne iguse sakafu. Usimnyanyue kwa mikono yake ya mbele kama mtoto wa binadamu. Mabega ya mbwa hayakushikwa kwa mfupa kama yetu, yameshikwa kwa misuli. Na ule mchezo wa kumsimamisha kwa miguu miwili "acheze muziki" watoto wauache, hata kama video zake zinapendwa.

Tunakaa ghorofani. Ngazi je?

Mbebe, angalau mpaka miezi mitatu minne ya kwanza iishe, na kwa wale wadogo kabisa mpaka wakue. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa 2012 uliwafuatilia mbwa wa aina kubwa, wakiwemo Labrador na Newfoundland, ukaona kwamba watoto waliotumia ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata hitilafu ya nyonga, na waliokimbia huru nje kwenye ardhi laini walikuwa na hatari ndogo. Ni mbwa wakubwa wale, sitakudanganya kwamba walipima Pomeranian. Lakini fikiria kidaraja kimoja cha ngazi kwa kiumbe ambaye kidaraja hicho kinamfika mabegani. Weka ubao au geti la mtoto.

Nimesikia ni dakika tano za kutembea kwa kila mwezi wa umri. Ni sheria?

Ni makadirio ya watu, hayana utafiti nyuma yake. Kama yanakusaidia usimburute mtoto wa miezi mitatu kwenye lami nusu saa, yatumie.

Cha kuangalia ni nani anayeamua kusimama. Akicheza huru uani, akichoka analala chini ya mwembe, biashara imeisha. Ukiwa umeshika kamba, wewe ndiye unayeamua, naye atakufuata hata akiwa amechoka kwa sababu anakupenda. Kwa hiyo mchezo huru kwenye nyasi au udongo, mara nyingi na kidogo kidogo, unajenga misuli ya kushika viungo. Kukimbia naye barabarani kusubiri ukuaji uishe. Kurusha mpira mara thelathini mfululizo, anaruka na kugeukia hewani, hapana. Kwa wa pwani: mchanga ulioloana ni mzuri, mchanga mkavu unaozamisha miguu unamchosha haraka.

Kabla hajamaliza chanjo zake, uani kwenu tu. Parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha na kumtapisha mbwa, inaua haraka kuliko goti lolote.

Anakula ugali na supu ya mifupa. Kalsiamu si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo watu wenye upendo wanapokosea sana.

Mfupa uliochemshwa unatoa mafuta na ladha. Kalsiamu yake karibu yote inabaki kwenye mfupa unaoutupa. Ugali unampa nguvu, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno. Ukisema basi nitampa nyama tupu kwa kuwa mbwa ni mla nyama, umeharibu zaidi: kwenye nyama isiyo na mfupa, fosforasi ni karibu mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati mtoto wa mbwa anataka kalsiamu iwe sawa au izidi kidogo. Mwili ukikosa uwiano huo hukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inabaki myepesi, miguu inapinda, na siku moja mguu unavunjika kwa kuruka kizingiti. Nimeona mbwa wa namna hiyo katika nyumba ambayo kila siku alipewa steki.

Njia rahisi ni chakula cha pakiti kamili kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wanaokua. Kama bei inabana, hata nusu ya mlo ikiwa hicho ni nafuu kubwa. Dagaa wanasaidia kwa sababu wanaliwa na mifupa yao: waoshe mchanga na chumvi, wachemshe, wachanganye. Maganda ya yai yaliyosagwa ni kalsiamu ya kweli, ila kipimo chake mwulize daktari kulingana na anachokula. Na kama tayari anakula pakiti kamili, usiongeze kalsiamu yoyote juu yake. Mpaka kama miezi sita, utumbo wa mtoto wa mbwa haujui vizuri kukataa kalsiamu iliyozidi, na ikizidi nayo inaharibu mifupa.

Mama mkwe anasema nimuanike juani asubuhi asipate matege.

Kwa mjukuu wake yuko sahihi kabisa. Kwa mbwa, jua halifanyi kazi hiyo: ngozi yake hutengeneza vitamini D kidogo mno, lazima aipate kwenye chakula. Samaki, kiini cha yai, maini kidogo mara moja kwa wiki, au ile pakiti kamili. Usikimbilie chupa ya mafuta ya samaki na kumimina kwa jicho, vitamini D ikizidi ni sumu.

Huna sababu ya kubishana na mama. Mbwa aote jua, analipenda, nawe weka kiini cha yai kwenye bakuli.

Mbona anaonekana mzuri akiwa mnene?

Fanya hesabu. Gramu 300 za ziada kwa mbwa wa kilo mbili ni sawa na wewe wa kilo 70 kuongezeka zaidi ya kilo kumi, kisha ukaambiwa uruke kutoka kwenye sofa. Kuna utafiti maarufu wa Marekani uliochapishwa 2002: Labrador 48 walilelewa wawili wawili kutoka uzao mmoja tangu wakiwa wadogo, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliokula kidogo walichelewa kupata yabisi ya viungo na waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Pima kwa kiganja. Pitisha vidole kwenye mbavu zake. Zikisikika kama mifupa ya mgongo wa mkono wako ulioukunjua, uzito ni mzuri. Zikisikika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Zikisikika kama nyama ya kiganja, anza kumwuliza kila mtu nyumbani ni nani anayempa chapati.

Akitembea anakunja mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka hatua tatu, kisha anaendelea kama kawaida. Ni mchezo?

Si mchezo. Mara nyingi ni pia ya goti inayotoka kwenye mfereji wake na kurudi. Wazee wa Kiswahili waliita pia hiyo kilegesambwa, na sijapata aliyenieleza kwa nini mbwa aliingizwa kwenye goti la mtu, lakini kwa hawa wadogo jina limepata mwenyewe.

Kwa kawaida mbwa huzaliwa na mfereji wa kina kifupi, hivyo sakafu yako haikusababisha, inaongezea tu. Madaktari hupanga daraja 1 hadi 4. La 1, pia hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe. La 4, imekaa nje na hairudi. Daraja la 1 wengi huishi nalo kwa uzito mzuri, misuli na sakafu isiyoteleza, na baadhi ya wa daraja la 2 pia; la 3 na la 4 hupelekwa kwenye upasuaji. Usijaribu kuisukuma mwenyewe kwa kufuata video. Mrekodi kwa simu anaporukaruka, maana akifika kliniki atatembea kama askari wa gwaride.

Kuna ugonjwa mwingine wa kuutofautisha. Kati ya mwezi wa nne na wa kumi na moja, mbwa wadogo wanaweza kupata tatizo la kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu na kuoza polepole. Huanza kwa kuchechemea mguu mmoja, haibadiliki, inazidi, na paja linasinyaa mpaka unaona tofauti ukimshika. Hilo linataka picha ya eksirei bila kusubiri.

Anachechemea leo. Niende kliniki saa hii?

Kama hagusi chini kabisa, mguu umevimba au umekaa vibaya, au analia ukimgusa: ndiyo, sasa. Mlaze kwenye beseni lenye taulo, usimkande, usimnyooshe, usimpake mafuta ya moto. Mfupa uliovunjika ukikandwa unakata nyama kutoka ndani.

Kama anakanyaga kwa kuchechemea tu, kwanza mgeuze utazame unyayo. Mara ngapi watu wamekuja na "kiungo" kumbe ni mwiba, kupe aliyejichimbia katikati ya vidole, au funza. Ukitoa kupe, kumbuka kwamba homa ya kupe yenyewe huleta maumivu ya viungo: mbwa aliyenyong'onyea, hali, ana joto, na leo anachechemea mguu huu na kesho ule, anahitaji kipimo cha damu. Usipoona kitu, mpumzishe eneo dogo siku moja. Asipopata nafuu, nenda.

Nimpe panadol kidogo?

Usimpe. Paracetamol inaweza kumharibu ini na damu, ibuprofen na diclofenac huchimba vidonda tumboni na kuua figo, na kwa mbwa wa kilo mbili "kidogo" chako ni kingi. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari atampima uzito kwanza.

Na vile vidonge vya viungo, glucosamine?

Ushahidi wake ni hafifu, na kwa mtoto mwenye afya sioni sababu. Pesa hiyo nunua zulia.

Nikimhasi mapema nitaharibu viungo vyake?

Kwa aina kubwa swali hili ni zito. Kwa wadogo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha 2020 uchambuzi wa aina 35 za mbwa, na kwa aina ndogo kwa jumla hawakuona matatizo ya viungo yakiongezeka kwa sababu ya kuhasiwa mapema. Panga tarehe na daktari kwa sababu nyingine.

Mambo yote haya mpaka lini?

Kubebwa ngazini na kukatazwa kuruka, mpaka kama mwezi wa kumi au wa kumi na mbili, halafu legeza taratibu ukimtazama. Mkeka ubaki. Ubao wa sofa nao ubaki: wangu mkubwa ana miaka tisa sasa, bado anaupanda kila jioni taarifa ya habari inapoanza, na zulia lake nimeshalibadilisha mara mbili.